Kaa, Usiwafuate: Kutazama na Kupiga Picha Heroe wa Mwambao

Mabibi na mabwana, wapenzi wa ndege na wapenzi wa kamera, karibuni.

Anayetaka kwenda kuwatazama heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita, aghalabu huuliza kwanza abebe lenzi gani. Tunaomba swali hilo lingoje kidogo. Unaweza kuwa na lenzi ya milimita 600 begani, lakini ukisimama upande usiofaa wa upepo utarudi na picha za migongo tu. Heroe huishi mahali peupe, juu ya tope na maji ya kina kifupi, na humwona mtu akingali mbali sana. Ukimfuata, anasogea. Ukizidi kumfuata, anaruka, na kundi zima linaruka naye. Kwa hiyo kazi yetu ni kubashiri watakuwa wapi baada ya saa moja au mbili, kutangulia kufika, kukaa kimya na kuwaacha waje wenyewe.

Wanakokwenda kunaamuliwa na chakula, na hapo ni lazima ujue unatazama heroe gani. Duniani wako wa aina sita. Aina mbili, yule wa Andes na yule wa James, ni wa maziwa ya chumvi yaliyo juu milimani Amerika ya Kusini, kwa hiyo leo tunawaacha. Katika pwani za Afrika, kusini mwa Ulaya, Asia ya Magharibi na India utakutana na heroe mkubwa; heroe mdogo ni hasa wa Afrika na India. Karibiani na rasi ya Yucatán, Meksiko, yuko heroe wa Amerika, mwekundu kuliko wote. Yule wa Chile yuko kusini zaidi.

Wanaoanza huwatofautisha mkubwa na mdogo kwa rangi ya mwili, na hukosea, kwa sababu rangi hiyo hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili zilizomo katika chakula, nayo hukolea au kufifia. Tazama mdomo. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na urefu wake ni sentimita 110 hadi 150. Heroe mdogo, wa sentimita 80 hadi 90, ana mdomo mwekundu uliokolea hata kwa mbali ukauona mweusi mtupu. Ndege wa kijivu na kahawia, mwenye miguu ya kijivu, ni kijana tu na si aina nyingine. Itamchukua miaka miwili, mitatu au zaidi kuvaa rangi ya utu uzima.

Heroe mkubwa hula vijidudu vilivyomo topeni na majini: uduvi, mabuu ya wadudu, konokono wadogo, pamoja na mbegu. Hupindua kichwa juu chini, akavuta maji kwa ulimi na kuyasukuma nje kupitia vichujio vya mdomoni. Mara nyingi hukanyagakanyaga akizunguka palepale ili kulitibua tope. Matokeo yake ni alama isiyofanana na ya ndege mwingine: mfereji wa duara wenye kichuguu katikati. Maji yakiisha kutoka, pita ukingoni kwa darubini na utafute duara hizo. Zikiwa na kingo kali zilizosimama, ndege walikuwa hapo katika maji yaliyopita tu na yaelekea watarudi. Zikiwa zimeporomoka na kujaa mchanga, hilo ni shamba waliloliacha.

Heroe mdogo ana mambo mengine. Yeye huchuja mwani mdogo mno ulioko karibu na uso wa maji, kwa hiyo hupenda maji yaliyotulia. Upepo ukianza kuyakunja, huhamia upande uliokingwa na mikoko au tuta. Asubuhi ya upepo mkali usipoteze muda kumtafuta katikati ya ghuba.

Sasa maji kujaa na kupwa, jambo linaloamua zaidi ya kamera yoyote. Maji yakiwa yametoka kabisa, heroe husambaa wangwani, yaani kwenye tope lililoachwa wazi na maji, huko mbali, wakawa nukta nyeupe. Yanapoanza kujaa ndipo yanapokufanyia kazi: kila yanavyopanda, ndege husogezwa kuja ukingoni uliko wewe. Saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa ndio wakati wa kuwa umeshakaa. Lakini bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huweza kufunika wangwa wote, wakahamia mabwawa ya chumvi au mahali pa kupumzikia, na katika maji mafu, yale ya siku ambazo bahari hujaa kidogo, huenda bahari isiwafikishe karibu hata kidogo. Kumbukeni pia kwamba mahali pamoja bamvua hujaa karibu saa zilezile kila linapokuja. Kama pale mlipo bamvua hujaa adhuhuri, si rahisi kulipata na jua la asubuhi. Ni bora mkatafuta siku za katikati, kati ya bamvua na maji mafu. Chukua jedwali la maji, tia alama siku ambazo maji hujaa saa moja hadi tatu baada ya macheo, na hizo ndizo siku zako za mwezi.

Kanuni hii hufanya kazi penye kujaa na kupwa kwa kweli, mfano Walvis Bay kule Namibia, au hori la Thane karibu na Mumbai, lililotangazwa kuwa hifadhi ya heroe mwaka 2015. Bahari ya Mediterania ina kujaa na kupwa kudogo sana. Katika wangwa wa Camargue, Ufaransa, ni upepo unaosukuma maji upande mmoja na kuacha tope upande wa pili, kwa hiyo huko soma utabiri wa upepo badala ya jedwali.

Mabwawa ya chumvi yana siri yake. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, huingizwa bwawa la kwanza, kisha hupitishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kukolea. Katika yale ya mwanzo wamo samaki. Mbele zaidi samaki hawawezi kuishi, na hapo uduvi wa chumvi, Artemia, hustawi bila adui wa majini. Hayo ndiyo mabwawa ya heroe. Ya mwisho kabisa, ambamo chumvi inaganda chini, yanaweza kuwa na maji ya waridi ya kupendeza, lakini hayana chakula. Watu hukaa hapo asubuhi nzima kwa sababu ya rangi ya maji na ndege hawatokei. Mabwawa haya ni mali ya watu na ni mahali pa kazi. Omba ruhusa, na usipande tuta lenye milango ya maji.

Baada ya kujua mahali, chagua upande. Heroe hutua na kuruka wakielekea upepo unakotoka. Basi, upepo ukiwa mgongoni mwako, kila anayetua atakuja akikutazama, na anayeruka atakimbia juu ya maji kuja upande wako kabla ya kuinuka. Jua nalo likiwa mgongoni au begani, mambo yamekamilika. Vikigombana, yaani jua huku na upepo kule, sisi tungechagua jua kwa ndege wanaokula na upepo kwa ndege wanaoruka.

Fika kungali giza. Keti chini, au lala kifudifudi kama mahali panaruhusu, lenzi iwe sawasawa na macho ya ndege. Picha iliyopigwa kutoka juu ya tuta humfanya heroe aonekane amebandikwa juu ya maji. Nguo za rangi iliyofifia husaidia, ila kinachowatisha zaidi ni umbo la mtu aliyesimama likionekana dhidi ya anga. Gari ni maficho mazuri ajabu. Zima injini, weka mfuko wa maharage au mchanga dirishani uuegemeze lenzi, na usifungue mlango. Mtu mmoja akishuka, kundi lililokuwa mita 60 litahamia mita 300.

Ikibidi kusogea kwa miguu, nenda mshazari, usiwaelekee moja kwa moja, na tua kila baada ya hatua kumi. Halafu watazame. Heroe aliyetulia ameinamisha kichwa anakula, anachambua manyoya, au amesimama kwa mguu mmoja shingo ikiwa imelazwa mgongoni. Dalili ya kwanza ya hofu ni shingo kunyooka, moja, mbili, kisha kundi zima. Ya pili ni kukaribiana: nafasi kati yao zinapungua. Ya tatu ni kuanza kutembea wote upande mmoja, kukupa mgongo. Ukiona ya kwanza, simama. Ukiona ya pili, umeshapita mpaka, rudi nyuma. Anayengoja ya tatu anangoja waruke. Hakuna umbali mmoja wa kutosha kila mahali. Mahali wanapowindwa au kusumbuliwa na boti hushtuka mbali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu boti za injini za watalii kule Yucatán ulionyesha kuwa heroe waliosumbuliwa walipunguza muda wa kula na kuongeza muda wa kusimama macho. Kwa hiyo hata ndege asiyeruka anaweza kuwa amekosa mlo kwa ajili ya picha yako.

Kuna sababu nyingine ya kutowakimbiza. Baadhi ya heroe wakubwa hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mkupuo, wakakaa majuma kadhaa bila uwezo wa kuruka. Kwa mbali hutamjua.

Tufike sasa kwenye lenzi. Tufanye hesabu badala ya ubishi. Kamera yenye kihisi kamili (milimita 36 kwa 24), lenzi ya milimita 500, ndege mita 100: picha ya ulalo itachukua kimo cha mita 4.8. Heroe wa mita 1.4 hatafika theluthi ya kimo hicho. Kwa mita 100, basi, piga kundi. Usilazimishe picha ya uso. Kwa mita 40 kimo ni chini kidogo ya mita 2, na hapo ndege mmoja anajaa vizuri. Kwa umbali huo, ukifungua kitundu cha lenzi f/4, sehemu iliyo kali mbele hadi nyuma ni kama mita moja na nusu. Kwa f/8 ni kama mita 3. Ndiyo maana picha nyingi za heroe wanne watano zina mmoja mkali na wengine ukungu. Tumia f/8, na ungoje hadi wajipange sambamba nawe.

Kuhusu mwanga: jua likiwa limepanda vizuri, anza na shata (muda wa kamera kufunguka) ya 1/1600 ya sekunde, f/8, ISO 400 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga). Saa ya kwanza baada ya macheo utahitaji ISO 800 hadi 1600. Kamera ikiona maji meusi mengi na ndege weupe wachache huongeza mwanga na kuwaunguza, kwa hiyo punguza theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu). Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Rangi ya waridi ina nyekundu nyingi kuliko kijani na bluu. Histogramu, yaani grafu ya kamera, ya mwanga kwa ujumla itakuambia mambo ni shwari, kumbe mkondo wa nyekundu peke yake umeshafurika, kama ndoo iliyojaa ambayo unaendelea kuimiminia. Manyoya ya bawa yanakuwa bapa jekundu lisilo na unyoya hata mmoja unaotambulika. Washa histogramu ya rangi tatu, tazama nyekundu tu, na uhakikishe haigusi ukuta wa kulia. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Mizani ya rangi usiiachie kamera: ikiona waridi limejaa fremu hudhani ni kosa na kulirekebisha kuelekea kijani. Iweke kwenye mwanga wa mchana, kelvini 5200 au 5500, na uiache hapo.

Kichujio cha polaraiza, kile cha kupunguza mng'ao, kiacheni begini asubuhi. Kinakula stopu moja hadi mbili za mwanga, na kinaweza kufuta taswira ya ndege majini, ambayo pengine ndiyo uliyoifuata. Taswira hiyo hupatikana kabla upepo haujaamka. Acha nafasi chini ya fremu iingie yote hadi kichwa, maana kuikata shingoni ni kosa linaloonekana hata kwa mtoto.

Kinachoharibu picha nyingi kuliko vyote ni mazigazi. Tope hupashwa joto na jua, hewa iliyo juu yake inapanda ikiwa na joto tofauti tofauti, na mwanga unapinda ukipita humo. Penye jua kali huweza kuanza tangu saa tatu asubuhi. Ukirudi nyumbani utadhani lenzi ni mbovu au mkono ulitikisika. Hakuna lenzi ya gharama yoyote inayotibu jambo hili, na kuongeza shata hakusaidii. Jipime hivi: kuza picha mara kumi kwenye kioo cha kamera, tazama miguu ya ndege. Ikicheza, acha picha za mbali. Piga tu walio karibu, hasa wenye maji kati yako nao badala ya tope, au weka kamera chini utumie darubini ya 8x42 (mkuzo wa 8, lenzi za milimita 42). Hata teleskopu, katika hali hiyo, haina faida ukipita mkuzo wa 30. Usipige ukipitisha lenzi juu ya boneti ya gari yenye moto, hayo ni mazigazi ya kujitakia. Na lenzi inayotoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia hewa ya pwani hupata umande. Iache ndani ya begi nje ya gari kwa nusu saa kabla ya kuifungua.

Kwa ndege wanaoruka, shata iwe 1/2000 au zaidi. Heroe hawezi kuinuka papo hapo. Hukimbia juu ya maji hatua kadhaa akipiga mabawa, kwa hiyo una sekunde chache za kujiandaa, na picha nzuri zaidi mara nyingi ni hizo hatua. Angani shingo na miguu hunyooka. Fokasi ya kamera hupenda kushika ncha ya bawa lililo karibu. Iweke kwenye kundi dogo la nukta na ulielekeze penye shina la shingo. Mabawa yakifunguka ndipo weusi wa manyoya ya kurukia na wekundu wa bega hujitokeza, ambavyo chini huvioni. Narudia, ngoja waruke kwa hiari yao: maji yakigeuka, upepo ukibadilika, au jioni wakihama. Picha ya kundi lililotimuliwa hujulikana, maana ndege wote wanampa mpigaji mgongo.

Ngoma yao ya uchumba inastahili siku nzima. Huanza majuma au miezi kabla ya kutaga, na mamia huicheza pamoja. Shingo hunyooshwa juu, kichwa kikapepeswa kulia na kushoto kwa haraka. Kisha ghafla mmoja hutandaza mabawa wazi, akayashikilia sekunde chache, akayafunga. Halafu hupindua shingo nyuma kana kwamba anachambua manyoya chini ya bawa. Kisha kundi zima hutembea kwa hatua za haraka, likabana, likageuka ghafla. Usijaribu kuwahi bawa linapofunguka, utachelewa. Mtazame anayepepesa kichwa kwa nguvu, mweke kwenye fokasi, ungoje. Shata 1/1000 inatosha. Katika msimu huu rangi huwa kali zaidi. Uchunguzi wa heroe wakubwa nchini Hispania umeonyesha kuwa hujipaka shingoni, kifuani na mgongoni mafuta yenye karotenoidi yanayotoka kwenye tezi iliyo karibu na mkia.

Wakishaanza kujenga viota, kamera irudi nyuma. Kila jozi hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope, na huliatamia siku 27 hadi 31. Koloni likishtuka, wazazi huondoka kwa pamoja, mayai hudondoka au hukanyagwa, na shakwe hawangoji kualikwa. Likiachwa yai, mwaka huo jozi ile huenda isipate kinda. Makinda nayo hukusanyika makundi makubwa chini ya ulinzi wa wachache, na hawawezi kuruka kwa zaidi ya miezi miwili. Ukiwasukuma huingia kwenye tope zito wakanasa. Jinsi mahali pa kutagia palivyo adimu, Camargue ilibidi wajenge kisiwa katika bwawa la Fangassier mwaka 1970, na heroe hawakuanza kukitumia hadi 1974. Koloni litazamwe kutoka jukwaa lililowekwa na wasimamizi, kwa teleskopu, basi. Droni usirushe kabisa, hata pale ambapo sheria imenyamaza, na picha ya kiota usiitie mtandaoni ikiwa na alama ya mahali.

Tope la pwani ni hatari kwa mtu pia. Pima kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Ikizama zaidi ya nusu ya kimo cha goti, geuka. Angalia nyuma yako, kwani maji hujaa kupitia mikondo iliyo kati yako na nchi kavu kabla hayajafika miguuni pako. Tripodi ifungue sehemu nyembamba za chini kwanza, ili viungo vibaki juu ya maji, na siku hiyohiyo uisuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kioo cha lenzi kikipigwa na rasharasha za bahari usikikaushe kwa kitambaa. Chumvi iliyoganda ni punje, nazo zitakwaruza. Loweka kitambaa kwa maji baridi, gusisha, ondoa, halafu ndipo ufute.

Mwisho, miguu. Baadhi ya heroe wana pete za plastiki zenye herufi na tarakimu. Camargue zimekuwa zikivishwa makinda tangu 1977, na ndege hao wameonekana Hispania, Italia, Uturuki, Afrika ya Kaskazini hadi Afrika ya Magharibi. Kwa teleskopu nzuri pete husomeka mita mia mbili na zaidi, mazigazi yakiwa hayajaanza. Piga picha kadhaa za miguu hata kama ni mbaya, kwa sababu herufi moja huzibwa na tope katika picha hii ikaonekana katika ile. Andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, maandishi yenyewe kuanzia chini kwenda juu, iko mguu wa kulia au wa kushoto wa ndege, tarehe, saa, mahali, na kama alikuwa anakula, amepumzika au yuko na kinda. Wapelekee wanaosimamia hifadhi iliyo karibu; wao wanajua pete ya rangi ile ni ya mradi gani.